Injini ya Toyota ndani ya Land Rover 109: hesabu inaanzia kwenye tairi

Wiki iliyopita jamaa mmoja kanipigia kutoka Makambako, kashanunua injini ya Toyota 1HZ, iko uani imekaa juu ya tairi bovu imefunikwa turubai, anataka kujua fundi atachukua siku ngapi mpaka iingie kwenye Land Rover yake 109, ile ndefu ya zamani. Nikamuuliza tairi lako saizi gani. Akadhani sijamsikia, akarudia, "kaka naulizia injini". Nikamwambia nimekusikia, tairi lako saizi gani, difu zako zina meno mangapi kwa mangapi, na hiyo injini umeichukua na gia boksi yake au umeichukua peke yake? Akanyamaza. Alikuwa kaichukua peke yake.

Ndo mana nimeamua kuandika hii, kwa sababu watu wengi wanaoanza hii kazi wanadhani wananunua injini. Injini ndo kitu rahisi kuliko vyote hapo, ukiwa na hela unaipata Gerezani pale Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi, nyingi zimetoka Japani, nyingine zimepitia Dubai na Sharjah, unaisikiliza, unafungua kifuniko cha oili unaona inapumua kiasi gani, unalipa, unapakia. Kazi yenyewe iko kwenye vitu vyote vilivyo kati ya krenki shafti na tairi, na pale kila kitu kimoja kinapokutana na kingine ambacho hakikuzaliwa nacho.

Alafu tuondoe kwanza haya maneno ya kwamba ukiweka injini ya watu wengine kwenye Land Rover umeiharibu. Wenye kiwanda wenyewe wamefanya hivo miaka yote. Ile V8 ya lita 3.5 watu wanayoisifia, iliyoingia kwenye Range Rover ya 1970, asili yake ni Buick ya Marekani, Rover walinunua haki yake miaka ya sitini. Australia walikuwa wanaziuza zikiwa na Isuzu 4BD1 ya lita 3.9, na jeshi lao likapewa za hivo hivo. Afrika Kusini zilitoka Defender na BMW ya lita 2.8, na kuanzia 2007 Defender zilikuwa zinakuja na injini ya Ford. Tofauti ni kwamba wao walikaa na karatasi wakapiga hesabu ya kila shafti kabla hawajafungua nati.

Sasa hesabu yenyewe. Nachukua gari yangu kama mfano, 109 Siriz 3 ya marehemu baba, ilikuwa na ile injini ya petroli ya cc 2286, tairi 7.50 rim 16. Tairi hilo likizunguka mara moja gari inasogea kama mita 2.45 hivi. Difu za Siriz ni 4.7, yaani propela shafti inazunguka mara 4.7 ili tairi lizunguke mara moja. Transfa yake, lile boksi dogo nyuma ya gia boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, kwenye hai, yaani mwendo wa kawaida, ni 1.148, na gia ya 4 ni moja kwa moja. Zidisha 4.7 kwa 1.148 unapata kama 5.4, kwa hiyo injini inazunguka mara 5.4 kila tairi likizunguka mara moja. Ile petroli ilikuwa inafika mizunguko 4,000 kwa dakika bila shida, piga hesabu unaona hapo gari inakimbia kama kilomita 109 kwa saa, na kwa gari ya enzi hizo inatosha kabisa.

Toa petroli weka 1HZ. Hii ni dizeli ya silinda 6, lita 4.2, haina turbo, imeanza kutoka 1990, na utamu wake wote uko chini, nguvu yake ya kuvuta inafika juu kabisa kwenye mizunguko 2,200. Ni injini ya kutembea nayo kwenye 2,500 siku nzima ukiwa unaongea na abiria bila kupaza sauti. Sasa 2,500 gawanya kwa 5.4, zidisha 2.45, zidisha 60, unapata mita kama 68,000, yaani kilomita 68 kwa saa. 68! Una injini ya lita 4.2 na malori yanakupita kwenye tambarare ya Mbarali, ukitaka 90 inabidi uinyanyase mpaka 3,300 na kelele haivumiliki. Mimi nimefanya hilo kosa, nimeendesha hivo miezi mitatu, najua.

Watakwambia badilisha difu, weka 3.54 za Land Rover 110 au za Discovery, na kweli ukizidisha 3.54 kwa 1.148 unapata 4.06 na pale kwenye 2,500 unatembea 90. Lakini angalia kilicho chini ya gari yako kwanza. Kichwa cha difu cha mbele cha 109 ni aina ile ile ya Rover, cha Discovery za mwanzo, zile ambazo hafushafti zake (shafti za kutoka difu kwenda magurudumu) zina meno 10, kinaingia bila ugomvi. Nyuma je? 109 nyingi za Siriz 3 nyuma zina ekseli ya Salisbury, ile yenye tumbo kubwa la mviringo na kifuniko cha nyuma, hiyo kichwa hakitoki kama cha mbele, inabidi upate meno yake ya 3.54 kutoka kwenye 110 na fundi anayejua kuyapanga, na mafundi wa hivo hawako wengi. Kuna watu wakishindwa nyuma wanabadilisha mbele tu. Usithubutu. Mbele 3.54 nyuma 4.7, siku utakayoweka fowili, matairi yote manne yavute, kwenye lami au hata vumbi gumu, matairi ya mbele na ya nyuma yanataka kwenda mwendo tofauti wakati transfa imeyafunga pamoja, na kitu kinachoachia ni kile dhaifu kuliko vingine.

Na kitu dhaifu tunakijua. Ile petroli ilikuwa inatoa kama Nm 168 za kuvuta, 1HZ inatoa 285. Ukiwa lo, yaani transfa kwenye mwendo wa chini, gia ya kwanza, Land Rover ya Siriz 3 inazidisha hiyo nguvu mara 40.7, kwa hiyo zile 168 zilikuwa zinafika chini zikiwa kama 6,800, na hizi 285 zinafika zikiwa kama 11,600. Hafushafti za Rover zina meno 10 tu na zilikuwa zinakatika hata na injini ya kwanza, muulize mzee yeyote aliyeendesha Land Rover za serikali miaka ya sabini. Salisbury ya nyuma inavumilia. Ya mbele inategemea mguu wako. Kwenye matope mimi siku hizi naanza na gia ya pili, naachia klachi polepole, injini yenyewe ina nguvu ya kutosha haihitaji kusukumwa.

Kwa nini basi nasema uchukue injini na gia boksi yake na transfa yake, hata kama boksi la Land Rover lako ni zima? Rudi kwenye hesabu. Yale maboksi ya gia 5 ya Land Cruiser, H55F, gia ya tano yake ni kama 0.85, na transfa yake kwenye hai ni moja kwa moja, haizidishi kitu. Zidisha na difu zile zile za 4.7 za Land Rover unapata kama 4. Kwenye 2,500 gari inatembea kilomita 92. Bila kugusa difu hata moja! Tena ukikosea ukaweka na zile difu za 3.54 juu yake unapita upande wa pili, 2,500 inakuwa zaidi ya 120, gia ya tano unaitumia ukishuka mlima tu. Sasa fikiria hela ambayo ungetumia kwenye difu, ndo hiyo ungenunulia gia boksi, na umepata boksi lililotengenezwa kubeba hiyo injini.

Ila usichukue boksi lolote la Toyota kwa sababu tu limeandikwa Toyota. Propela shafti ya mbele ya Land Rover inapita kulia, difu ya mbele iko kulia. Land Cruiser za 70 nazo kulia, kwa hiyo zinaelewana. Hilux za zamani zile zenye ekseli nzima mbele difu iko kushoto, transfa yake inatolea kushoto. Kuna kijana alileta boksi la Hilux, limefungwa, limekaa vizuri, mauntingi zimechomelewa, alafu ndo wanachukua propela shafti ya mbele wanatafuta pa kuichomeka. Shimo liko upande huu, difu iko upande ule. Walitoa kila kitu.

Na wale wanaotamani dizeli ya Land Rover wenyewe, 300Tdi, na boksi lake la R380 na transfa ya LT230, sababu ni ndugu moja, ni kweli ni ndugu ila kuna mtego. LT230 ni fowili muda wote, haina kuitoa. Ekseli ya mbele ya Siriz ndani ya yale mabakuli ya kukatia kona ina krosi za kawaida, haina zile jointi za mwendo sawa kama za 110, na krosi ikikunjwa sana haizungushi kwa ulaini, inavuta inaachia inavuta inaachia, kwa hiyo kila ukikata kona kali usukani unakupiga mikononi. Anayetaka LT230 achukue na ekseli za 110 au Discovery. Ndugu yake wa karibu zaidi na Siriz ni 200Tdi, ile inafunga kwenye beli hauzingi ya Siriz, lile ganda la klachi kati ya injini na boksi, moja kwa moja, na kwa mtu asiyetaka kukata kata gari hiyo ndo naona bora kuliko zote, shida ni kuipata nzima.

Sasa niongelee adapta, mana hapa ndo nilipoumia. Mara ya kwanza nilifanya kama jamaa wa Makambako, injini ya Toyota, boksi la Land Rover, katikati unaweka pleti ya chuma nene iliyotobolewa matundu ya huku na ya huku. Inaonekana kitu kidogo. Fundi mmoja, wa wapi simtaji, alikata pleti kwa gesi akatoboa matundu kwa kupimia karatasi ya kopi iliyopakwa oili, na ilifunga, bolti zote ziliingia, nikafurahi. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba bolti kuingia haimaanishi kitu. Shafti ya kuingilia ya gia boksi lazima ikae katikati kabisa ya krenki shafti, kwenye mstari mmoja, na kichwa chake kinaingia kwenye beringi ndogo iliyoko mwisho wa krenki. Ikiwa imehama robo ya milimita tu tayari ni nyingi, kila mzunguko ile shafti inapindishwa kidogo, mara 2,500 kwa dakika. Gia ya kwanza ikaanza kugoma, ikaja sauti kama ya nzi kwenye chupa, klachi ikawa inatetemeka ukiachia, na baada ya miezi mitatu beringi ya mbele ya boksi ikasambaratika njiani nikiwa na mama na mizigo ya msiba, tukalala Ilula. Siku ile bado inaniuma, si kwa ajili ya hela.

Pleti ya kweli inachongwa kwenye mashine na fundi wa lezi anayetumia dailo geji, kipimo cha sindano kinachosoma hata sehemu ndogo ya milimita, anafunga geji kwenye flaiwili anazungusha krenki kwa mkono huku sindano inagusa duara la beli hauzingi, sindano ikicheza anasogeza, na ikishakaa anapiga pini mbili za kuongoza ili hata boksi likitolewa miaka kumi baadae linarudi pale pale. Alafu kuna urefu, ile shafti isifike hadi kugonga chini ya krenki na wala isiishie hewani. Alafu flaiwili ya nani, klachi pleti ya nani, mana meno ya katikati ya pleti lazima yawe ya boksi na upana lazima uwe wa flaiwili, na beringi ya kusukuma klachi nayo ifikie presha pleti kwa umbali wake. Ukichukua injini na boksi lake haya yote hayapo. Hayapo kabisa! Yalishamalizwa Japani.

Ukichukua seti nzima nafasi ya kuiweka ndo inabaki kuwa tatizo. 1HZ ni ndefu, silinda sita zimepangwa mstari, na 109 kutoka tairi la mbele hadi la nyuma ni inchi 109, yaani kama mita 2.77, wakati pikapu ya Land Cruiser HZJ75 iliyobeba hiyo seti ina mita 2.98. Kuna sentimita 21 zimekosekana. Rejeta inasogea mbele, na krosimemba ya Land Rover, kile chuma kinachokatisha chasisi chini ya boksi, inabidi itolewe ifungwe nyingine ya bolti, ya bolti nasema, usichomelee, siku ya kushusha boksi utanikumbuka. Propela shafti ya nyuma inakuwa fupi. Usiipime gari ikiwa kwenye jeki matairi yananing'inia! Ishushe ikae kwa miguu yake, weka mzigo kidogo, ndo upime, na ile sehemu ya kuteleza uiache na nafasi ya kuingia na kutoka, sentimita tatu hivi, vinginevyo shimo la kwanza linaisukuma shafti ndani ya transfa. Na kabla hujachomelea mauntingi za injini angalia sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ekseli ya mbele ikipanda mpaka kwenye raba isiguse sampu. Watu wanasahau kwamba ekseli inapanda.

Kitu kingine kinachosahaulika ni hendibreki. Land Rover hendibreki yake haiko kwenye magurudumu, ni drami iliyofungwa nyuma ya transfa. Ukitoa transfa umetoa hendibreki. Land Cruiser za 70 zinatumia drami za magurudumu ya nyuma, kwa hiyo transfa yake inakuja bila kitu. Mimi nilichongesha flengi tukahamishia drami ya Land Rover nyuma ya transfa ya Toyota, imechukua wiki nzima na kwangu mimi ni wiki iliyotumika vizuri kuliko zote. Breki za mguu nazo, kama gari yako ina busta, ile petroli ilikuwa inaivuta hewa kutoka kwenye manifodi, dizeli haina huo mvuto, inahitaji pampu yake ya vakyum. Injini nyingi za dizeli za Toyota inakaa nyuma ya altaneta, hakikisha muuzaji hajaibakiza. Gari imepata nguvu karibu mara mbili alafu breki zimekuwa mawe, hiyo siyo gari ya kupakia mtoto.

Umeme wa hizi dizeli za zamani siyo mgumu. Waya wa stata, wa hita plagi, wa chaji, wa ile solenoidi ya kuzimia kwenye pampu, basi injini inawaka. Ila soma kabla hujagusisha betri, mana 1HZ nyingine zilizotoka kwenye magari ya Japani ni za volti 24. Stata, altaneta, hita plagi, solenoidi, vyote. Ukizifunga kwenye volti 12 stata inazunguka kivivu unadhani injini imeshika, na kuna watu wamefungua injini nzima kwa sababu hiyo. Geji ya joto ya Land Rover haisomi ukweli kwenye sensa ya Toyota, usiiamini, funga geji na sensa yake mpya zilizotoka boksi moja. Kama unatamani 1KZ-TE au zile za komoni reli, pampu inaongozwa na kompyuta, hapo usinunue injini, nunua gari lililokatwa mbele, hafukati, na waya zake zote na kompyuta yake na funguo yake, mana waya mmoja uliokatwa na kisu unaweza kukulaza miezi.

Kuhusu kuchemsha sina mengi. Rejeta ya petroli ya cc 2286 haiwezi lita 4.2, tafuta ya Land Cruiser hata kama inabidi ukate grili, weka na lile bomba la plastiki linalozunguka feni, bila hilo feni inazungusha hewa ile ile ya moto. Na tenki na mabomba ya petroli yaoshwe, ongeza bomba la kurudishia mafuta, na chujio la kutenga maji kwenye dizeli.

Karatasi. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, ukibadilisha injini kadi inasema uongo. Tanzania unaenda TRA, Kenya ni NTSA, gari inakaguliwa, namba mpya inaingia. Tunza risiti ya injini na nakala ya karatasi alizoingizia muuzaji, usinunue injini ambayo namba yake imesagwa au imepigwa upya hata kama bei inakuliza kwa raha, mana hiyo huwezi kuiandikisha na ukipata ajali bima wanaanzia hapo hapo.

Yangu imeshatembea na seti nzima ya Toyota toka Oktoba 2024, nakumbuka mana ndo wakati ule wa tamasha la Land Rover Arusha na mimi nilikuwa bado nachomelea hendibreki, sikuenda. Baada ya kilomita 500 za kwanza nilirudi chini na spana nikakaza kila bolti ya mauntingi na propela, nne zilikuwa zimelegea, nikazipaka rangi nyeupe kichwani ili nikichungulia nione kama imezunguka. Mwezi uliopita nimepanda mlima Kitonga na magunia kumi ya mahindi, gia ya tatu, sindano ya joto ilisogea kidogo pale kwenye kona za katikati, ikarudi yenyewe kabla sijafika juu. Jamaa wa Makambako kapata boksi na transfa Mbeya, anakuja nazo Jumamosi, nimemwambia aje na futi na aniandikie saizi ya tairi.